Damu Iliyovilia

Figo yangu ya kushoto iliuawa na watu wanne, na daktari si mmoja wao. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu ukisema umetolewa figo, wa kwanza kulaumiwa ni daktari. Husema amekatwa bure, figo yake imeuzwa. Mimi sikuuzwa. Waliofanya nawajua, nawasalimia kila siku, na mmoja wao hula nami sikukuu zote mbili. Majina yao siyataji. Mji huu ni mdogo, watajijua.

Wa kwanza ni msimamizi wa kazi. Tulikua naye mtaa mmoja, tukachapwa na mwalimu mmoja chuoni, tukisoma Kurani. Shule ya serikali mimi niliiacha darasa la tano, yeye akaendelea mpaka akajua kuvaa viatu vya ngozi kazini. Mimi ni mwashi. Nyumba za Mji wa Kale nazijua kwa ndani: mawe ya matumbawe, chokaa, na dari za boriti za mikoko. Ukuta wa namna ile hauanguki kwa siku moja. Huliwa na chumvi polepole, ukavimba ndani, na nje chokaa ikabaki nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Ukiugonga kwa mpini wa mwiko wasikia: hapa pazima, hapa pameoza. Hiyo ndiyo elimu yangu, sina nyingine.

Nyumba tuliyokuwa tukiitengeneza ilikuwa ya ghorofa mbili, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Mwenyewe alitaka iwe ya kulaza wageni. Dari ya juu ilikuwa imechoka, kwa hiyo niliishikiza kwa nguzo tatu nene huku tukingoja boriti mpya. Nilizisimamisha mimi, nikazipigia kabari mimi. Jumamosi jioni niliziacha tatu.

Jumatatu asubuhi nilipanda na karai la chokaa kichwani. Sikutazama chini. Nani hutazama chini kwenye kazi aliyoisimamisha kwa mikono yake? Msimamizi alikuwa amezing'oa nguzo zangu Jumapili, akazipeleka Ganjoni alikokuwa na kazi nyingine ya kumwaga zege. Hakuniambia. Nilipofika pembeni dari ilitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayekohoa kwa adabu, kisha nikawa hewani. Chini palikuwa na pipa la chokaa. Sikuangukia ndani yake, ningeshukuru. Niliangukia ukingo wake, kwa ubavu wa kushoto.

Msimamizi alisimama kwenye ngazi. "Umevunjika?"

"Sijui."

"Basi hukuvunjika. Aliyevunjika hujua."

Mafundi wakacheka. Mimi pia nilicheka, na kucheka kule ndiko kulikonionyesha maumivu yalipo. Nikaenda chooni kukojoa, ikatoka damu. Si ya kuchanganyika na mkojo, damu. Nikamwita msimamizi aje aone. Akatazama, akajifuta mikono kana kwamba ameigusa.

"Yakhe, kichocho hicho. Si wewe uliyekuwa ukioga kila likizo kwenye mabwawa ya mpunga kwa nyanyako, Kwale?"

Ni kweli, likizo zote nilikuwa huko. Sisi watoto wa yale mabwawa tulikojoa damu wote, na asiyekojoa tulimwona bado mdogo. Kwa hiyo nusu yangu ilimwamini. Nilikaa kwenye ngazi nikanywa maji, nikingoja kichocho cha miaka arubaini kipite. Ilipofika adhuhuri jasho lilikuwa baridi, tumbo limekaza upande mmoja kama ngozi ya ngoma, na mafundi wenzangu wakanitia kwenye tuk-tuk bila kumuuliza msimamizi.

Daktari wa upasuaji alikuwa msichana wa bara. Nilimwona mdogo kuliko binti yangu, na nilitazama nyuma yake nikitafuta daktari mwenyewe. Akaniwekea vidole viwili tumboni, akavigonga kwa vidole vya mkono mwingine, akisikiliza. Hapa, hapa, hapa. Nilijua anachokifanya. Alikuwa akigonga ukuta.

"Mzee, una figo ngapi?" akaniuliza.

Nilidhani ananifanyia mzaha. "Mbili, kama watu."

"Umewahi kupigwa picha ukaziona?"

"La."

"Basi hatujui. Kuna watu huzaliwa na moja, wakazeeka bila kujua."

Sijawahi kusikia maneno yanayotisha kama yale, na aliyasema kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ilikuwa imelala, yangoja kipuri. Kwa hiyo alinichoma dawa mshipani, akangoja dakika kumi akitazama saa ya mkononi, kisha akanipiga eksrei moja tu. Ile picha akaja akaishika kwenye dirisha la wodi, juani, nami nikaiona. Upande wa kulia palikuwa na kitu cheupe, kadiri ya ngumi. Upande wa kushoto palikuwa na wingu.

"Ya kulia ipo na inafanya kazi," alisema. "Hii ya kushoto mshipa wake umechanika. Si ule mkubwa wenyewe. Ungekuwa ule, hatungekuwa tunaongea. Ni tawi lake. Damu imemwagika kuizunguka figo, lakini figo imefunikwa na utando, kama gunia. Gunia likijaa, damu hujibana yenyewe, ikaganda, ikaziba tundu. Nikikupasua sasa nitalifungua gunia, itamwagika yote, na itabidi niitoe figo ili uishi. Nikikuacha, huenda ikajiponya."

"Huenda?"

"Huenda. Nairobi kuna wanaopitisha waya mwembamba kwenye paja wakaenda kuziba huo mshipa bila kisu. Hapa nina kitanda, damu ya kukuongeza, na macho yangu."

"Basi nipelekeni Nairobi."

"Kwa vile unavyovuja, ukitikiswa njia nzima utafika huna damu." Akaufunika mguu wangu kwa shuka. "Kazi yako ni moja, mzee. Usigeuke. Hiyo damu iliyoganda ndiyo fundi wako. Usimsumbue."

Siku kumi nilitazama dari. Nilihesabu nyufa zake mpaka nikajua fundi aliyeipaka alikuwa mvivu. Vichupa vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha wodini, kwa hiyo mke wangu alileta chupa ndogo za maji ya mawaridi zilizobaki kwenye harusi ya binti yetu. Kila asubuhi muuguzi alikinga mkojo kutoka kwenye mpira niliotiwa wa kukojolea, akaujaza ndani ya chupa moja, akabandika kipande cha plasta chenye nambari ya siku, akaipanga dirishani. Chupa ya leo huwekwa karibu na ya jana, daktari apate kulinganisha rangi. Ndiyo mashine tuliyokuwa nayo, na haikungoja kipuri.

Ya kwanza ilikuwa karibu nyeusi. Ya pili na ya tatu kama maji ya kuoshea nyama. Ya tano chai ya rangi. Jua la asubuhi lilipopita humo lilitupa mabaka mekundu kwenye shuka yangu, na kila siku mabaka yale yakafifia. Wodi yote ilinuka mawaridi kidogo, kama nyumba yenye maiti anayesubiri kutolewa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na desturi ya kuniamkia hivi: "Subalkheri, mwenye duka la marashi. Leo biashara vipi?"

Ya tisa ilikuwa kama maji ya ndimu. Daktari aliitazama muda mrefu, akacheka peke yake. Ndipo nilipomwona ni mtu mzima.

Ndugu na jamaa walikuja kutoa damu. Msimamizi naye alikuja, akakunja mkono wa shati, akatoa. Hilo silifichi. Nilimuuliza muuguzi kama ile damu nitawekewa mimi, akasema haiendi hivyo, huenda akawekewa mwanamke aliyejifungua. Nikaomba Mungu iwe hivyo.

Siku ya kumi kitanda kilitakiwa. Daktari aliwasimamisha mke wangu na dada yangu mkubwa kando ya kitanda, akasema nao taratibu. Alale siku kumi na nne nyingine. Asipande ngazi, asibebe hata ndoo. Asiguswe ubavu.

"Hata kidogo," alisema. "Siku za hatari si zile zilizopita. Ni hizi zinazokuja. Damu iliyoganda huanza kulainika, na hapo ndipo kizibo huweza kutoka. Akikojoa tena nyekundu, msingoje."

Mke wangu aliitikia. Dada yangu aliitikia pia, huku akifunga buibui yake. Nimeukumbuka uso wake ule mara nyingi. Ulikuwa uso wa mtu anayemwacha mtoto amalize kusema.

Wa pili, basi, ni dada yangu. Alinilea baada ya mama yetu kufa, na hajawahi kuniuliza jambo linalohusu mwili wangu. Siku ya sita tangu nirudi nyumbani, baada ya alasiri, aliingia na bibi mkandaji. Na huyo bibi ndiye wa tatu.

Kwa asiyejua desturi zetu, nieleze. Kwetu mtu akianguka hukandwa. Akianguka kutoka mnazini, akianguka kwenye baiskeli, akijifungua, akizaliwa, hukandwa. Bibi yule amekanda nusu ya mtaa. Mimi alinikanda nikiwa na umri wa siku moja, akaninyoosha pua, akanifinyanga kichwa. Mikono yake ni midogo na mikavu, na hutafuta mahali penye maumivu kama paka atafutavyo samaki. Sababu ya kukandwa aijua kila mtu: damu iliyovilia haiachwi mwilini. Ikiachwa huoza, ikawa usaha, mtu akafa nayo. Lazima ipashwe moto, iyeyuke, ishuke.

Fikirini mtu huyo na daktari yule. Wote wawili waliigusa damu ile ile kwa vidole. Mmoja alisema ndiyo inayonishika, mwingine akasema ndiyo inayoniua.

"Hebu geuka nikuone, mwanangu," bibi alisema.

"Daktari amesema nisigeuke."

"Daktari amekuzaa?" dada yangu akauliza.

"Hakunizaa."

"Bibi ndiye aliyekupokea. Geuka."

Mke wangu alikuwa mlangoni na bakuli la uji. "Lakini wifi, daktari alisema asiguswe."

"Wewe umeolewa humu miaka ishirini na saba. Waujua mwili huu kunishinda mimi?"

Mke wangu akatazama uji.

Nami niligeuka. Wa nne ni mimi. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na akili, nilikuwa nimelala siku kumi nikiyatazama yale machupa. Lakini nilimwonea haya bibi aliyeniosha uchafu wangu wa kwanza, nimwambie mikono yake ni ya hatari. Na dada yangu nilimwogopa, na mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili mwenye wajukuu. Ndivyo tulivyo. Heshima tunayo nyingi, hata ya kufia.

Alikuja na mafuta ya simsim yaliyopashwa moto na habasoda, na chumvi ya mawe iliyokaangwa ikafungwa kitambaani. Vidole vyake vikaenda moja kwa moja pale pale.

"Hii hapa. Yaona? Imevilia, kama yai la bata. Na wao wamekuachia nayo."

"Wamemwachia," dada yangu akasema.

"Watu wa mashine hawa. Mashine ikiharibika hawana mikono."

Akacheka, dada yangu akacheka, nami nikacheka. Kisha akakanda. Sitadanganya: ilikuwa raha. Joto liliingia mpaka ndani, na ule ugumu niliokuwa nikiubeba kama jiwe ukaanza kulegea. Nililala usingizi mzuri. Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu, Alhamisi, aliniambia, "Yai limekuwa dogo. Lashuka." Nikamshukuru, nikambusu mkono.

Ijumaa mchana adhana ya kwanza ilipolia nilikuwa nimelala kwa mgongo. Mtaa ukaanza kutoka. Nilisikia viatu vikipita chini ya dirisha, milango ya maduka ikifungwa mmoja mmoja, kisha kimya. Katika kimya kile nilihisi kitu kimefunguka ndani yangu. Hakikuuma. Kilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa uani polepole asimwamshe mwenye nyumba. Joto likaenea kiunoni. Niliomba chombo nikojoe, mke wangu akakileta, na aliponitazama sikuhitaji kutazama mimi.

Alitoka kichochoroni bila buibui, jambo ambalo hajalifanya maishani mwake. Hapakuwa na mtu. Wanaume wote walikuwa msikitini, na kichochoro chetu tuk-tuk haingii. Mtu pekee aliyekuwa barabarani ni muuza maji, Mkamba, Mkristo, anayesukuma mkokoteni wa mitungi. Mke wangu alikuwa akigombana naye kila wiki kwamba mitungi yake haijai. Yule bwana hakuuliza neno. Akaitua mitungi yote chini, mmoja ukapinduka maji yakamwagika, akaja na mke wangu wakaninyanyua na godoro langu wakaniweka juu ya mbao.

"Mama, shika kichwa chake," alisema. "Mimi nitashika njia."

Mkokoteni hauna springi. Kila jiwe la Mji wa Kale, na mengine nimeyapanga mimi mwenyewe, lilinijia mgongoni. Tulipopita msikitini khatibu alikuwa akizungumza juu ya amana kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilitufuata mpaka kona ya tatu. Muuza maji alikuwa akisema "pole, pole, pole," sijui aniambia mimi au mkokoteni. Karibu na Ngome ya Yesu tuk-tuk zilikuwa zimepanga foleni zikingoja watalii, na dereva mmoja akamtoa mzungu aliyekwisha kukaa.

Daktari alinikuta kwenye kitanda cha kusukuma. Aliangalia macho yangu kwa ndani, akapima presha, akaipima tena.

"Mlimfanya nini?"

Dada yangu alikuwa amekwisha kufika. "Hakuna," alisema.

Daktari akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama sakafu.

"Mbona ngozi ina mafuta?"

"Ya kumlainisha tu," dada yangu akasema. "Alikuwa amekauka."

Kisha daktari akanigeukia mimi, uso wake karibu sana na wangu. "Mzee. Ulinyanyua kitu? Ulianguka? Kuna mtu aliyekukanda?"

Aliitaja. Aliitaja sababu kwa jina lake. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, ameshika ncha ya mtandio mdomoni.

"Hakuna," nilisema.

"Basi nisikilize. Nitakufungua. Kwanza nitatia mkono upande wa kulia niiguse ile nyingine, nihakikishe ni nzima. Nikiikuta nzima, hii nitaitoa."

"Na usipoikuta nzima?"

Akawaita wauguzi. Wakanisukuma.

Niliamka asubuhi ya pili. Daktari alikuja akavuta kiti, akakaa. Madaktari hawakai, kwa hiyo nilijua figo imekwenda. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Nilitaka tuiokoe. Tulikuwa tunaelekea vizuri. Nafikiri nilikuruhusu mapema. Ningekuweka siku kumi nyingine hili lisingetokea."

Ningeweza kusema pale pale. Dada yangu hakuwapo. Nilimtazama msichana yule akijitwika mzigo usio wake, nikamwambia, "Ni mapenzi ya Mungu, daktari." Uongo wangu nikaufunika kwa jina la Mungu. Akaniitikia, akaandika jambo kwenye faili, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Miaka miwili imepita. Nimebaki na ile ya kulia, na presha imenipanda tangu hapo, kwa hiyo kila mwezi nakwenda kupimwa, maana presha nayo hula figo. Sipandi tena dari. Nakaa barazani nikiwaambia vijana wachanganye chokaa vipi, nao hunisikiliza wakiwa na nafasi. Kila asubuhi nakojoa ndani ya chupa moja ya mawaridi niliyobaki nayo, naitazama dirishani kabla ya kuimwaga. Mke wangu amechoka na chupa ile. Dada yangu, nikiigusa habari hii, hunijibu neno moja tu: "Bibi tulichelewa kumwita."

Mwaka huu msimamizi alijaliwa kwenda Hijja. Na kwetu anayekwenda Hijja huzunguka kwanza kuomba radhi kwa watu. Alikuja baada ya magharibi, kanzu mpya, na sahani ya haluwa. Akakaa penye mkeka, akapokea kahawa.

"Ndugu yangu, nasafiri. Nimekuja tusameheane. Lolote nililokukosea."

"Lolote lipi?"

"Lolote. Mtu hukosea bila kujua."

"Lolote sina. Nina moja. Litaje, nikusamehe sasa hivi, na wewe ukanywe zamzam."

Akazungusha kikombe. Mke wangu aliacha kuosha vyombo jikoni, nilisikia.

"Nilikutolea damu," alisema.

"Ndiyo. Na Mungu akulipe. Sikuulizi ulichonipa."

"Zile nguzo..." Akakitua kikombe. "Zilikuwa mbili, nilidhani hazishiki kitu."

"Zilikuwa tatu."

"Lakini wewe ulikuwa umeanza kupona, watu wote wajua. Bibi ndiye aliyekumaliza. Mbona humfuati yeye?"

Ni kweli. Na katika watu wote duniani ni mmoja tu aliyekuja kuniomba radhi kwa jambo alilolitaja, na huyo ni daktari, asiyekuwa na kosa. Nikamwambia msimamizi aende salama. Sikusema nimemsamehe. Haluwa aliiacha, hatukuila.

Siku yangu ya kupimwa ilikuwa Jumatano iliyofuata. Nilimkuta daktari yule yule. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alinifunga mkanda mkononi, akaupuliza, akatazama nambari, hakuzipenda.

"Imepanda tena. Unakula chumvi?"

"Daktari, soma hapo palipoandikwa kuhusu siku ile niliporudishwa. Umeandika nini?"

Akafungua faili, akatafuta. Alisoma kwa kidole. "Kutokwa damu tena. Sababu haikujulikana."

"Sababu ipo," nilisema. Nikamwambia yote: bibi, mafuta, chumvi, siku tatu, yai la bata. Nikamwambia, "Uliniuliza, nikakujibu hakuna."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alivua miwani akaifuta kwa koti lake, akaivaa tena.

"Miaka miwili," alisema, "kila mgonjwa kama wewe namweka siku ishirini. Wengine wamekosa kitanda kwa sababu hiyo." Kisha akauliza, "Huyo bibi bado anakanda?"

"Bado."

"Leo namruhusu mtu mmoja kwenda nyumbani. Dereva wa tuk-tuk, aligongwa na usukani ubavuni. Anakaa Mji wa Kale." Akanyanyuka. "Nimewaeleza. Wameitikia."

Nilikwenda wodini peke yangu. Dirishani chupa zilikuwa zimepangwa, siku hizi vichupa vya plastiki, ishirini kamili, kutoka nyekundu mpaka maji ya ndimu, na jua lilikuwa likipita humo vile vile. Kijana mwenyewe alikuwa amelala kwa mgongo, hageuki, amefundishwa vizuri. Mamake alikuwa akikunja shuka na kuzitia kwenye kikapu. Nilimtambua kwa sura, ni wa kichochoro cha tatu kutoka kwetu.

"Hongera, mama. Mwaenda nyumbani."

"Alhamdulillahi. Afadhali, mwanangu amekauka mgongo kwa kulala."

"Nyumbani mtamkanda?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kama watakula. "Si lazima akandwe? Mtu ameumia, damu imevilia ndani, aachwe nayo? Bibi nimekwisha kumpigia simu, atakuja baada ya alasiri."

Kijana alimtazama mamake, akanitazama mimi, akaitazama dari, nami nikajua ana ulimi kama niliokuwa nao mimi.

Nilitua fimbo yangu kitandani, nikaanza kufungua vifungo vya shati, waone nilipopasuliwa.